Gari Likichemsha, Uliza Kwanza: Linachemsha Lini?

Kawaida hapa tunaongea mahindi, mpunga, kuku na mbolea. Leo tunaongea rejeta. Usishangae. Kilimo cha mkoa wetu wa Katavi kinatembea juu ya magari ya zamani: mkonga zilizoachwa na miradi iliyokwisha, Land Rover zilizonunuliwa kwenye mnada, trekta ambazo zimebadilisha wamiliki mara tatu. Baadhi zilikuwa barabarani tangu Mpanda ikiwa bado Mkoa wa Rukwa, kabla ya 2012. Ndizo zinazopeleka mbolea Inyonga, zinazotoa mpunga Mpimbwe, zinazoleta dagaa kutoka Karema, na usiku wa manane ndizo zinazomkimbiza mama mjamzito mjini. Gari la namna hiyo likifa injini, hasara haiishii kwa mwenye gari.

Na joto ni mojawapo ya vitu vinavyoua injini hizo. Si joto la jua la Oktoba. Ni joto la injini lenyewe, lililoonekana kwenye geji mara ya kwanza, dereva akaongeza maji akaenda, likaonekana tena, akaongeza maji akaenda, mpaka siku hedi inapopinda.

Ninachotaka ukikumbuke hata ukisahau mengine yote ni hiki: kuchemsha ni dalili, siyo ugonjwa. Mkulima akiniambia mahindi yake yana njano, simwambii aende akanunue urea. Namuuliza njano iko wapi. Ikianzia kwenye majani ya chini, ncha ikielekea katikati ya jani, nafikiria naitrojeni. Ikiwa kingo za majani ya chini zinaungua, nafikiria potasiamu. Ikiwa ni majani machanga ya juu, ni jambo jingine kabisa. Njano ni ile ile, dawa ni tofauti. Gari nalo ni hivyo hivyo. Kabla hujanunua spea yoyote, jibu swali moja: linachemsha lini?

Kwanza, tuelewane namna injini inavyopozwa

Maji yanazunguka ndani ya injini, yanabeba joto, yanapanda kupitia mpira wa juu kwenda kwenye rejeta. Feni na upepo vinayapoza. Yanarudi kwa mpira wa chini, wota pampu inayasukuma tena. Themostati ni mlango: injini ikiwa ya baridi unafungwa ili ipate moto haraka, ikipata moto unafunguka.

Kuna kifaa kimoja ambacho watu wengi wanakidharau, nacho ni mfuniko wa rejeta. Ule siyo kizibo cha chupa. Una springi ndani inayozuia presha isitoke, na presha hiyo inafanya maji yachelewe kuchemka. Kwetu huku jambo hili ni kubwa kuliko Dar es Salaam. Mji wa Mpanda uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000, na kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka mapema. Pwani maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 100. Hapa Mpanda yanachemka kwenye takriban nyuzi 96. Mfuniko mzima wa mkonga, unaoshika presha ya 0.9, unaongeza karibu nyuzi 20 juu ya hapo. Mfuniko uliochoka unakuachia hizo 96 tu, na injini ya dizeli iliyobeba mzigo mlimani inazifikia bila shida.

Sasa tujibu swali la lini

*Linachemsha likiwa limesimama au likienda pole pole, lakini likikimbia geji inashuka.* Hapo tatizo ni upepo. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unafanya kazi ambayo feni imeshindwa. Angalia mkanda wa feni: ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, ubonyee takriban sentimita moja, usilegee kama kamba ya kuanikia nguo. Angalia kava linalozunguka feni. Mafundi wengine wakilitoa hawalirudishi, na bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kisha feni klachi. Zima injini ikiwa ya moto, toa ufunguo, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikupe ubishi. Ikizunguka raundi nne au tano kwa kusukumwa mara moja, silikoni ya ndani imeisha.

*Linachemsha kwenye kasi au mlimani, lakini likisimama linapoa.* Hapo upepo wa feni unatosha, ila maji hayapiti vya kutosha au rejeta haitoi joto lote. Angalia rejeta kwa nje: msimu wa kiangazi mbegu za nyasi, vumbi na wadudu vinajaa kwenye mapezi yake, na kama kuna kondensa ya AC mbele, uchafu unajificha katikati ya hivyo viwili ambapo jicho halifiki. Angalia kwa ndani: baada ya safari, injini ikiwa imezimwa na joto limepungua kidogo, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Sehemu iliyo baridi kuliko jirani zake imeziba. Angalia na mpira wa chini, ambao nitaurudia.

*Linachemsha dakika chache tu baada ya kuwasha, na mpira wa juu bado ni wa baridi.* Mlango haujafunguka. Themostati imekwama.

*Linapunguza maji lakini huoni pa kuvujia.* Tafuta tundu dogo chini ya wota pampu. Alama ya kutu au rangi ya kulanti hapo maana yake sili imechoka. Kama pako pakavu, injini ikiwa ya baridi kabisa, toa mfuniko, jaza maji mpaka juu, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukipiga resi, ni moshi wa silinda unaopita kwenye gasketi iliyoungua au hedi iliyopasuka. Mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha injini ya baridi ni ushahidi huo huo. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiliwashe tena. Livutwe.

*Geji ya joto na geji ya mafuta zinapanda pamoja.* Kwenye Land Rover nyingi za zamani geji hizo mbili zinagawana kifaa kimoja cha kudhibiti umeme nyuma ya dashibodi. Zikipanda pamoja, mwongo anaweza kuwa umeme. Lakini hakikisha kwa kuangalia injini yenyewe, usikisie.

Gari letu la Karema

Nilifanya kazi kwa muda mrefu na mkonga moja yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita na lita 4.2 ambayo Toyota waliitoa mwaka 1990 na mpaka leo mafundi wa vijijini wanaijua kama kiganja cha mkono. Dereva wetu alikuwa mzee mmoja mtaratibu sana; mimi namwita Mzee, yeye ananiita Bwana Shamba.

Mkonga ile ilianza kuchemsha. Ilipelekwa gereji ya kwanza, wakatoa themostati. Ikachemsha. Gereji ya pili wakabadilisha rejeta nzima, na ile ndiyo gharama iliyokula fedha za mafuta ya robo mwaka. Ikachemsha. Gereji ya tatu wakasema hedi ifunguliwe. Kila gereji iliiwasha mbele yetu, ikaunguruma nusu saa palepale uani, geji ikakaa katikati, wakasema imepona. Huku kwenye vijiji vyetu ilikuwa wiki ya chanjo ya kuku ya mdondo. Chanjo iko kwenye kasha la baridi, barafu inayeyuka, na akina mama wamefungia kuku toka alfajiri wakitusubiri. Ukichelewa mara moja wanakuelewa. Ukichelewa mara mbili, safari ya tatu unakuta kuku wameachiwa, na mdondo ukiingia kijiji hicho utasikia vilio.

Kabla hedi haijafunguliwa, Mzee akaleta daftari la gari. Nyuma yake, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika kila mara gari lilipochemsha: mahali, mzigo, gia, saa. Akaniambia, "Bwana Shamba, soma mwenyewe. Hakuna hata siku moja limechemsha likiwa limesimama. Hakuna hata siku moja limechemsha likiwa tupu. Kila mara ni kupanda kutoka ziwani, gia ya tatu, resi kubwa. Sasa hawa mafundi wanalipima likiwa limelala."

Tukamrudishia fundi wa tatu lile daftari. Sifa apewe, hakukasirika. Akaifanya injini ipate moto, akamwambia Mzee apige resi na aishikilie, yeye akamulika tochi chini. Mpira wa chini wa rejeta ukanywea kama mrija wa soda unaofyonzwa na mtoto. Ulikuwa umelainika kwa oili iliyokuwa ikiudondokea miaka mingi, na mfuniko wa rejeta, ambao rejeta ilipobadilishwa ulirudishwa ule ule wa zamani, haukuwa ukishika presha. Bila presha ya kuupanua, wota pampu ikivuta kwa nguvu mpira unajibana wenyewe, maji yanakatika. Resi ikishuka, mpira unarudi umbo lake, na hakuna anayeona kitu.

Mpira mmoja na mfuniko mmoja. Themostati mpya ikarudishwa mahali pake. Kupanda kutoka Karema geji ilikaa katikati mpaka mjini.

Simsimulii fundi yeyote ubaya. Fundi anaona gari kwa saa moja. Wewe unakaa nalo mwaka mzima. Usipompelekea habari ya lini, wapi na kwa mzigo gani, unamlazimisha abahatishe kwa fedha yako.

Mambo mawili tuyaache

La kwanza ni kutoa themostati na kuitupa. Najua limezoeleka, na wengine wanasema nchi yetu ni ya joto haiihitaji. Siyo kweli. Injini ya dizeli isiyofikia joto lake inakula mafuta zaidi, inachafua oili na kuchakaa mapema. Tena kwenye baadhi ya injini themostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na unaongeza joto ulilotaka kulipunguza.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka jikoni. Nyuzi zake zimegongwa kwenye chuma chake, kwa mfano 76, 82 au 88. Ya 76 au 82 inatakiwa iwe imefunguka vizuri maji yanapotokota. Ya 88 uwe na subira nayo: inaanza kufunguka kwenye nyuzi 88, lakini kwa huku kwetu maji yanatokota kwenye 96, kabla haijafunguka yote. Ukiona imefunguka nusu, usiitupe. Ikigoma kabisa kufunguka, hapo badilisha.

La pili ni kujaza maji yoyote. Tazama birika lako la chai kwa ndani. Ule ukoko mweupe ndio unaojengeka ndani ya rejeta na ndani ya injini, na ukoko haupitishi joto vizuri. Maji ya visima vingi yana chumvi. Maji ya chemchemi kama zile za Majimoto yametoka chini ya ardhi na madini yake. Maji ya mto yana tope. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, au maji yaliyochujwa ya kuongezea betri (siyo asidi, angalia dumu vizuri), changanya na kulanti nusu kwa nusu. Kulanti siyo ya nchi za barafu tu. Inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Usichanganye aina mbili. Ukitaka kubadilisha, mwaga yote na usuuze kwanza. Na unapomwaga, kinga kwenye beseni. Kulanti nyingi ni tamu na ni sumu. Mbwa na watoto wanaweza kuionja.

Kwa wanaopita kwenye nyasi ndefu, chukua kipande cha wavu wa dirisha la mbu, kifunge mbele ya rejeta, na kila unaposimama kikung'ute. Ukitoka kwenye nyasi kitoe. Rejeta yenyewe ioshe kwa maji yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotokea. Presha kali inalaza mapezi, na mapezi yaliyolala ni sawa na rejeta iliyoziba.

Likichemsha njiani

Njia ya Mpanda kwenda Mpimbwe inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ukishapita Sitalike, siyo mahali pa kushuka na kufungua boneti unavyotaka. Kuna nyati, kuna simba, na mbung'o nao hawakuachi. Kwa hiyo maji na rejeta vikaguliwe kabla ya kuingia.

Mshale ukianza kupanda na maji bado yapo, punguza mwendo, shuka gia, zima AC, fungua hita mpaka mwisho. Ndiyo, hita, vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya mbung'o. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Wewe utaloa jasho, injini itapona. Ikibidi kusimama, geuza pua ielekee upepo na uiache iungurume kidogo juu ya kawaida ukitazama geji.

Lakini ukiona mvuke mwingi, au mshale uliokuwa juu umeanguka ghafla huku injini imepoteza nguvu, zima mara moja. Mshale ulioanguka hivyo siyo nafuu. Maji yameisha, kipimo kimebaki hewani na hakina cha kupima. Dakika mbili za kusema "tufike pale mbele" zinatosha kumaliza hedi.

Usifungue mfuniko. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uwe unabonyea na kushikika. Weka kitambaa kizito, fungua nusu, acha presha itoke, kaa mbali na uso. Maji ya rejeta yenye presha yana joto kuliko ya sufuria yoyote uliyowahi kuinua. Kisha usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto. Chuma kinapasuka kama glasi. Ikishapoa, washa, jaza pole pole ikiwa inaunguruma.

Kazi ya kila asubuhi

Kabla ya kuwasha, injini ikiwa ya baridi, fanya haya. Angalia maji kwenye rejeta, siyo kwenye tenki la akiba peke yake. Kama tenki limejaa na rejeta imepungua, mfuniko haurudishi maji, badilisha. Kama mpira wa juu umenywea asubuhi, ni mfuniko huo huo. Bonyeza mipira yote miwili. Bonyeza mkanda. Chungulia chini kama kuna tone. Unamaliza kabla chai haijapoa.

Na nunua daftari la kurasa chache, lifunge kwa kamba kwenye dashibodi. Gari likichemsha, andika tarehe, mahali, mzigo, gia, kilima au tambarare, na umeongeza maji lita ngapi. Mwenye trekta afanye hivyo hivyo. Massey Ferguson inayolima mbugani inapozwa kwa njia ile ile. Siku ya kwenda gereji, mkabidhi fundi daftari kwanza, ufunguo baadaye.